Uyoga wa Tiba na Mbwa wa Tetu

Katika maboma ya Tetu, eneo bunge la Kaunti ya Nyeri lililoenea kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Aberdare, mbwa hufugwa kwanza awe mlinzi wa ng'ombe wa maziwa, wa kuku na wa nyumba yenyewe, na kwa muda mrefu afya yake imepimwa kwa swali moja tu, yaani iwapo usiku anabweka au habweki. Mtazamo huo unabadilika pale ambapo mbwa amenunuliwa kwa fedha nyingi au amekaa na watoto wa nyumba hadi akazeekea mikononi mwao, na mwenye mbwa wa namna hiyo, akiisha kuambiwa kwamba mnyama wake ana uvimbe au viungo vilivyochakaa, hatakosa kukutana katika intaneti na matangazo ya unga na vidonge vya uyoga vinavyosifiwa kwamba huimarisha kinga ya mwili na kurefusha maisha. Bidhaa hizo huitwa tiba saidizi, maana yake tiba inayotolewa sambamba na matibabu ya daktari wa mifugo ili kuyaongezea nguvu, na hapo ndipo zinapotofautiana na tiba mbadala, ambayo huyaondoa matibabu hayo na kukaa mahali pake. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa mbwa mgonjwa ndiyo inayoamua mambo.

Uyoga unaotajwa mara nyingi katika biashara hii ni wa aina chache: reishi, ambao Wachina huuita lingzhi na wanasayansi wameuweka katika jenasi ya Ganoderma, shiitake na maitake, ambao Wajapani huula pia kama mboga, na yunzhi, ambao jina lake la kisayansi ni Trametes versicolor na ambao vitabu vya zamani viliuita Coriolus versicolor. Huu wa mwisho ni uyoga mwembamba, mgumu kama ngozi iliyokauka, unaoota kwa tabaka juu ya magogo yaliyokufa ukiwa na mistari ya kahawia, kijivu na manjano iliyopangana kama pete, na ndio uliofanyiwa utafiti wa maana zaidi kwa mbwa. Aina nyingine zimezungukwa na sifa nyingi kuliko majaribio, na hazihitaji kuchukua nafasi kubwa hapa.

Kiini cha madai yote ni kundi la molekuli zinazoitwa beta-glukani, yaani minyororo mirefu ya sukari inayojenga kuta za seli za uyoga, ambayo mwili wa mnyama haujitengenezei wenyewe na kwa hiyo huitambua kuwa ni dalili ya mgeni. Seli za kinga, hasa zile zinazoitwa makrofaji ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa, zina vipokezi juu ya ngozi yake vinavyoshikana na beta-glukani, na kimojawapo cha vipokezi hivyo hujulikana kama dektini-1. Vikishashikana, seli huamka, hutoa kemikali za kuitana na kuanza kazi kana kwamba mwili umevamiwa na kuvu. Hayo yamethibitishwa katika maabara, wala hayana ubishi mkubwa. Ubishi unaanzia kwenye hatua inayofuata, kwa maana seli iliyoamshwa ndani ya kichupa cha maabara haijawa ushahidi kwamba mbwa aliyemeza kidonge ataishi siku nyingi zaidi.

Kuna pia jambo la utengenezaji ambalo wauzaji hulipitia haraka. Kuta za seli za uyoga zimeimarishwa kwa kitini, kitu kigumu kile kile kinachojenga gamba la mende na la kaa, na tumbo la mbwa haliwezi kukivunja vya kutosha, hivyo uyoga mbichi au uliosagwa tu hupita ndani yake ukiwa umeachia sehemu ndogo ya kilichokusudiwa. Ndiyo sababu dawa za kweli za aina hii hutokana na kuchemsha uyoga kwa maji kwa muda mrefu, kisha kuchuja na kukausha kile kilichoyeyuka. Bidhaa nyingi za bei nafuu hazitokani hata na uyoga wenyewe bali na utando wake mweupe wa nyuzi, unaoitwa maiselia, uliooteshwa juu ya mchele au shayiri na kusagwa pamoja na nafaka hizo, na mnunuzi akikosa kusoma kibandiko kwa makini huenda akawa amelipia wanga kwa bei ya dawa.

Japani iliidhinisha mwaka 1977 dawa iliyotokana na yunzhi, iitwayo PSK, itumike pamoja na matibabu mengine ya saratani kwa binadamu, na China nayo ikaendeleza katika miaka ya 1980 dutu inayofanana nayo, PSP, ambayo ni muungano wa sukari ndefu na vipande vya protini. PSP ndiyo iliyofikishwa kwa mbwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, Dorothy Cimino Brown na Jennifer Reetz, ambao walitangaza matokeo yao mwaka 2012. Walichagua mbwa 15 wenye saratani ya mishipa ya damu iliyoanzia kwenye wengu, mojawapo ya saratani katili kuliko zote kwa mnyama huyu, kwa kuwa uvimbe hukua kimya ndani ya tumbo hadi siku unapopasuka na damu kumwagika, na hata wengu ukitolewa kwa upasuaji, mbegu za ugonjwa mara nyingi zimekwisha kusambaa. Mbwa hao, wakiwa wametolewa wengu, waligawanywa katika makundi matatu yaliyopewa kila siku miligramu 25, 50 au 100 za PSP kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na katika kundi lililopata kipimo cha juu muda wa kati wa kuishi, yaani siku ambayo nusu ya mbwa walikuwa wamekufa na nusu bado wako hai, ulifika siku 199, ilhali taarifa za awali za mbwa waliofanyiwa upasuaji pekee hazikuvuka siku 86.

Habari hiyo ilisambaa duniani kote, na hadi leo ndiyo inayonukuliwa na wauzaji wa uyoga wa mbwa, mara nyingi bila kutajwa kwamba mbwa walikuwa 15 tu, kwamba kila kundi lilikuwa na watano, na kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa dawa bandia katika jaribio lile lile. Watafiti wenyewe hawakujificha nyuma ya namba zao. Chuo kile kile kiliandaa jaribio kubwa zaidi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Safari hii mbwa walikuwa 101, wengine wakapewa PSP peke yake, wengine doksorubisini, ambayo ni dawa ya kawaida ya saratani, pamoja na dawa bandia, na wengine vyote viwili kwa pamoja. Kuongeza PSP juu ya doksorubisini hakukuwarefushia mbwa maisha, na kwa majike waliotegemea PSP peke yake hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko ya wenzao waliopata doksorubisini. Matumaini ya siku 199 hayakujirudia.

Hapa pana jambo linalostahili kusemwa wazi, kwa sababu mjadala wa dawa za asili katika miji inayouzunguka Mlima Kenya mara nyingi hugeuzwa kuwa ugomvi kati ya maumbile na kemikali. Doksorubisini iliyoushinda uyoga katika jaribio la 2022 nayo ni mtoto wa maumbile, kwa kuwa ilitokana na bakteria wa udongoni aliyepatikana Italia, na tofauti kati yake na unga wa reishi wa dukani ni kwamba imepimwa, kipimo chake kinajulikana, na madhara yake yameandikwa. Uyoga haukushindwa kwa kuwa ni wa asili. Ulishindwa katika swali moja mahususi, kuhusu saratani moja mahususi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba maswali mengine yote yamekwisha kujibiwa.

Tetu yenyewe si mahali pa kuichukulia sayansi ya wanyama kama jambo la wageni. Wangari Maathai, aliyezaliwa katika kijiji cha Ihithe mwaka 1940, akawa mbunge wa eneo hilo kuanzia mwaka 2002 hadi 2007 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, anakumbukwa na wengi kwa miti, lakini shahada yake ya uzamivu aliyoipata Nairobi mwaka 1971 ilihusu ukuaji wa tezi za uzazi za ng'ombe, na kwa miaka kadhaa alifundisha anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, hata akaongoza idara hiyo. Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha chuo hicho kiko Kabete, na madaktari wengi wanaowahudumia wanyama wa Nyeri wamepita katika mikono yake. Misitu ambayo Maathai aliitetea ndiyo makazi ya jamaa wa uyoga huu wa tiba, kwa kuwa jenasi za Ganoderma na Trametes huota pia katika misitu ya Kenya, zikila mbao za miti iliyoanguka, na kila mzigo wa kuni kavu unaobebwa mgongoni kutoka msituni huondoka na sehemu ya chakula cha uyoga huo.

Hata hivyo, mtu akitaka kujua uyoga unaweza kumsaidia nini mbwa wa Tetu, hana budi kuanza na magonjwa yanayomuua mbwa huyo, na saratani ya wengu haiko mstari wa mbele. Kuna kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikishaonekana hakina tiba kwa mnyama wala kwa binadamu, na ambacho Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mkakati wa kukitokomeza ifikapo 2030 kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote. Kuna parvo, kirusi kinachowaharisha damu watoto wa mbwa na kuwaua katika siku chache, na kuna homa za kupe, ambamo vijidudu huingia kwenye chembe nyekundu za damu na kuzipasua hadi ufizi wa mbwa unakuwa mweupe na mkojo wake kugeuka rangi ya chai kavu. Dhidi ya hayo kuna chanjo, dawa ya kuogeshea kupe, sindano ya imidokabu na vidonge vya doksisaiklini, na hakuna unga wa uyoga uliowahi kuonyeshwa kuziba pengo la chochote kati ya hivyo. Boma ambalo mbwa wake hajachanjwa, kisha likanunua kopo la reishi la kuimarisha kinga, limeezeka paa kabla ya kusimamisha ukuta.

Uvimbe ambao daktari wa mifugo katika Nyeri ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana nao kwa mbwa wanaozurura ni wa aina nyingine kabisa, nao unastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu unafundisha zaidi kuliko jaribio lolote la ng'ambo. Unaitwa uvimbe wa zinaa wa mbwa, hutokea sehemu za siri ukiwa mwekundu, laini, wenye umbo la koliflawa, ukidondosha damu tone kwa tone, na huambukizwa kwa seli hai za saratani zinazohama kutoka mwili wa mbwa mmoja kwenda kwa mwingine wakati wa kupandana au kunusana na kulambana. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba uvimbe wote wa aina hii ulimwenguni ni uzao wa mbwa mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita, hivi kwamba seli zinazotoka damu kwa mbwa wa Tetu leo ni za ukoo mmoja na zile za mbwa wa India au Brazil.

Uvimbe huu husikia sana amri ya kinga ya mwili. Mbwa mwenye afya nzuri huweza, baada ya miezi kadhaa, kuutambua na kuusinyaza bila dawa yoyote, na mbwa dhaifu huachwa nao ukaendelea kukua. Ni rahisi kuona jinsi hali hiyo inavyoweza kumdanganya mtu mwaminifu kabisa, kwa kuwa mwenye mbwa akimpa unga wa uyoga kwa miezi mitatu na uvimbe ukanywea wenyewe, ushuhuda wake utasafiri kutoka sokoni hadi kanisani kabla ya mtu yeyote kuuliza ingekuwaje bila unga. Kwa upande mwingine, tabia hiyo hiyo ndiyo inayoufanya uvimbe huu kuwa mahali pazuri pa kulijaribia dai la beta-glukani kwa haki, kwa kutumia mbwa wengi, dawa bandia na daktari asiyejua nani amepewa nini, na iwapo chuo cha Kenya kitataka siku moja kujenga ushahidi wake badala ya kungoja wa Pennsylvania, wagonjwa hawatakosekana.

Kwa sasa tiba iliyothibitika ya uvimbe huo ni vinkristini, inayodungwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida mara nne hadi sita, na mbwa walio wengi hupona kabisa. Dawa hiyo, ambayo ilianza kutumika kwa binadamu katika miaka ya 1960, hutolewa kwenye Catharanthus roseus, ua dogo jeupe au la waridi lenye asili ya Madagaska ambalo watu wengi nchini Kenya hulipanda mbele ya nyumba kuwa pambo bila kujua lina nini ndani yake. Anayetamani kuona dawa ya mimea ikimponya mbwa hana haja ya kuagiza chochote kutoka mbali. Lakini hakuna daktari anayemlisha mbwa majani ya ua hilo, kwa sababu sumu na dawa ndani yake ni kitu kimoja kinachotenganishwa na kipimo tu. Vinkristini ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama, ikizidi huangusha chembe nyeupe za damu, na anayeidunga huvaa glavu.

Mwenye mbwa ambaye, baada ya yote hayo, bado anataka kuongeza uyoga juu ya matibabu, hafanyi jambo la ajabu, mradi azingatie hesabu. Kipimo kilicholeta matumaini mwaka 2012 kilikuwa miligramu 100 za PSP iliyochujwa kwa kila kilo, yaani gramu 2 kila siku kwa mbwa wa kilo 20, na kidonge cha miligramu chache za unga usiochujwa hakifiki hata karibu na hapo, ingawa bei yake hufika. Daktari anapaswa kuambiwa kabla ya kopo kufunguliwa, kwa maana kuna magonjwa ambayo kinga yenyewe ndiyo inayokosea na kushambulia chembe nyekundu za damu au viungo vya mbwa, na huko kuiamsha zaidi ni kuuchochea moto ambao dawa za steroidi zinahangaika kuuzima. Reishi hushukiwa pia kupunguza kuganda kwa damu, hivyo husimamishwa kabla ya upasuaji, na bidhaa zilizotiwa utamu wa zailitoli, ambao binadamu huula bila shida, humshusha mbwa sukari ya damu hadi akaanguka. Kenya inayo Bodi ya Madaktari wa Mifugo, iliyopewa nguvu na sheria ya mwaka 2011 ya kusajili madaktari na wasaidizi wao, na mtu anayepita nyumba kwa nyumba akiandikia mbwa dawa bila usajili huo anaivunja sheria hiyo, hata kama makopo yake yana picha nzuri.

Uyoga wa kula nao una lake. Wakulima wa Kenya huotesha uyoga wa chaza juu ya mabua ya ngano ndani ya mifuko, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kimekuwa kikiwafunza na kuwauzia mbegu yake, hivyo si ajabu mboga hii kufika mezani hata mbali na Nairobi. Uyoga huo ukichemshwa bila chumvi haumdhuru mbwa, wala hakuna sababu ya kuuita dawa. Tatizo ni namna unavyopikwa, kwa sababu katika jiko la kawaida hakuna uyoga usiokaangwa kwa kitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichoiva, kina kemikali za salfa zinazoharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Mbwa aliyedhoofishwa na homa ya kupe, ambaye tayari amepoteza sehemu ya damu yake, akimiminiwa mchuzi wa uyoga juu ya ugali ili apate nguvu, huongezewa ugonjwa ule ule kwa mlango wa pili.

Hatari kubwa kuliko zote iko porini. Misonobari iliyoletwa Afrika Mashariki kutoka ng'ambo ilikuja na uyoga unaoishi kwenye mizizi yake, ukiwemo Amanita muscaria, mwekundu wenye madoa meupe, ambao mbwa akiula huanza, mara nyingi kabla ya saa mbili kupita, kudondosha mate, kuyumba, kutetemeka na kisha kulala usingizi mzito. Jamaa zake wenye sumu ya amatoksini ni wabaya zaidi kwa kuwa hawaonyeshi haraka walichofanya: mbwa hukaa saa 6 hadi 24 kana kwamba hana neno, hutapika na kuhara, huonekana kupata nafuu, na wakati huo ini lake linaendelea kufa. Hakuna mti wala rangi wala harufu inayoweza kumhakikishia mtu asiye mtaalamu kwamba uyoga alioubandua kwenye gogo ni yunzhi au ni kitu kingine, hivyo kuchuma uyoga wa msituni na kumchemshia mbwa mgonjwa ni kucheza na maisha yake. Mbwa akionekana anatafuna uyoga chini ya miti, mwenyewe asingoje dalili wala asimnyweshe maziwa au mafuta. Ampeleke kwa daktari wa mifugo papo hapo, akiwa na kipande cha uyoga huo pamoja na kikonyo chake chote hadi chini, kimefungwa kwenye karatasi kavu wala si kwenye plastiki, ambamo kingeoza kabla ya kutambuliwa, na amtajie daktari saa mbwa alipoula.